Kwa nini nimezima taa ya kijani

Najua niliahidi sehemu ya pili ya makala ya hifadhidata, na wengine wenu mmeniandikia kuuliza kulikoni. Itakuja. Leo niruhusuni niseme jambo lililonikaa kooni tangu mwezi wa nane: gitaa, na ile programu yangu ya kufundishia gitaa ambayo nimewachosha nayo hapa mwaka mzima.

Kwa mgeni aliyeingia leo, programu yenyewe inafanya kazi hivi. Skrini inakuonyesha nota, unaipiga kwenye gitaa lako, maikrofoni ya simu inasikiliza. Ukipatia, taa ya kijani inawaka. Ukikosea, nyekundu. Kijani kumi mfululizo, unapanda ngazi. Niliijenga kwa sababu mimi mwenyewe nilijifunza hivyo hivyo, peke yangu, kwenye chumba cha kupanga Kahawa West, kwa kutazama video na karatasi za tabu nilizopakua mtandaoni. (Tabu ni ile mistari sita yenye namba zinazokuambia kidole kiende wapi. Jina lenyewe linajieleza.)

Msimamo wangu niuseme mapema ili anayetaka kugombana ajiandae. Programu za aina hii, yangu ikiwemo, zinamfundisha mtu kupiga gitaa bila kulisikia. Na mkosaji mkuu ni hiyo taa.

Nianzie kwenye matanga.

Kukhu, yaani nyanya yangu mzaa mama, alifariki Agosti. Tulikesha nyumbani kwao, upande wa Kakamega. Mjomba wangu mkubwa anapiga gitaa la omutibo, na kama hujawahi kulisikia umekosa kitu: kidole gumba kinatembeza besi bila kusimama, kidole cha shahada kinachokonoa sauti za juu, na pembeni mtu anakwaruza chupa ya Fanta, ile ya kioo yenye mikunjo, kwa msumari au kijiko. Jina kubwa la mtindo huu ni George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963, na wazee wa kwetu hadi leo wanamtaja kama mtu aliyeondoka juzi.

Usiku wa pili mjomba akaanza wimbo ambao Kukhu alikuwa akiuomba kila Krismasi. Kulikuwa na gitaa jingine limeegemezwa ukutani. Akaniangalia.

“Mwiwa, shika hilo.”

Nikalishika. Miezi 18 ya mazoezi, digrii ya sayansi ya tarakilishi, na programu niliyoiandika mwenyewe iko mfukoni. Nikamwinamia nikamwuliza, “Ni kodi gani, mjomba?” (Kodi za muziki, si zile za KRA.)

Akashangaa kwelikweli. Hakuwa ananidharau. “Kodi gani tena? Si unaisikia?”

Sikuwa naisikia. Nilisikia wimbo, naam, tena wimbo ninaoujua tangu utotoni. Lakini kutoka kwenye wimbo ule hadi kwenye vidole vyangu hakukuwa na njia. Nilipapasa shingo ya gitaa kama mtu anayetafuta swichi kwenye nyumba ya watu gizani. Wakati huohuo mtoto wa binamu yangu, yuko darasa la tano, akaokota chupa na kijiko akaingia ndani ya pigo pasipo kuulizwa, tena akawa anabadilisha mkwaruzo kila mjomba alipobadilisha besi. Hakuna mtu aliyemfundisha. Alikuwa amekaa karibu na gitaa lile maisha yake yote, basi.

Hakuna aliyecheka, watu wa matanga wana adabu. Wimbo wa Kukhu ukapigwa kwa gitaa moja na chupa moja. Mimi nilikaa na gitaa la pili mapajani kama mtu aliyeshikishwa mwavuli wa mgeni.

Baada ya mazishi nilibaki wiki moja. Jioni ya kwanza nikamwomba mjomba anifundishe ule wimbo, nikatoa simu nimrekodi. Akasema, “Kwanza weka hiyo kitu mbali.” Kisha gitaa nalo akaniambia niliweke chini. Somo la kwanza lilikuwa kuimba kidole gumba. Yeye anapiga wimbo mzima, mimi naimba besi peke yake, du-du-du, nikipotea ananyamaza hadi nirudi. Siku ya pili vilevile, na watoto wanatucheka dirishani. Siku ya tatu nikaimba kidole cha shahada huku mguu wangu ukipiga besi, na hapo ndipo niligundua kwamba zile nilizodhani ni sauti moja iliyochangamana zilikuwa mbili, kila moja na safari yake. Siku ya nne akanipa gitaa. Sauti ya kwanza ya wimbo niliipata kwa jaribio la pili. Vidole vilikuwa vinatafuta kitu ambacho kichwa kilikuwa nacho tayari.

Wenzangu wa kuandika programu, fikirieni hivi. Mnajua tabia nzuri ya kuandika jaribio kwanza, halafu msimbo. Ukianza na msimbo bila jaribio, unauendesha, haulalamiki, unadhani uko sawa. Sikio ndilo jaribio. Kabla kidole hakijagusa uzi lazima kichwani kuwe na sauti inayotarajiwa, ili sauti inapotoka uwe na kitu cha kuilinganisha nacho. Mimi nilikuwa sina. Kwa miezi 18 majaribio yangu yote yaliendeshwa na simu, na simu ikishakupa kijani hakuna sababu ya wewe kusikiliza tena. Ubongo si mjinga, kazi inayofanywa na mwingine hauifanyi.

Jioni moja nikafanya kosa la kumwonyesha mjomba programu yangu. Tuliijaribu kwenye gitaa lake, ambalo alikuwa ametoka kulirekebisha mwenyewe kwa kusikiliza tu, akianzia uzi mnene na kuufuata kwa koo lake. Nyuzi zote sita zikawaka nyekundu.

Hilo nililitarajia kidogo. Programu yangu inafuata kipimo cha dunia, nota ya A iwe hezi 440, pendekezo la shirika la viwango la ISO la mwaka 1955. Mjomba hana habari na ISO. Anaweka gitaa pale sauti yake inapofika bila kukwaruza, na siku hiyo lilikuwa chini ya kipimo kwa karibu robo toni. Nikaingia kwenye mipangilio nikashusha kipimo hadi kilingane na gitaa lake. Nyuzi tano zikawa kijani. Uzi mmoja, wa pili kutoka chini, ule wa B, ukabaki mwekundu, chini kwa senti 13 hivi. (Senti za muziki pia. Oktavu moja ina senti 1,200. Leo ni siku ya hesabu za fedha, naona.)

Nikamwambia kwa furaha ya mtu aliyepata kosa la mkubwa wake, “Mjomba, huu umelegea.” Nikaukaza hadi taa ikawaka kijani.

Akapiga wimbo. Akaacha katikati. “Sasa umeweka mchanga kwenye uji.” Akaulegeza tena.

Niliporudi Nairobi nilikaa na kalamu, na hapa naomba mnivumilie maana hesabu hii ilinivunja kiburi. Tuchukue kipimo cha kawaida. Uzi wa G ulio wazi ni hezi 196. Uzi wa B, kwa mgawanyo sawa wa oktavu katika hatua 12 tunaoutumia kwenye programu, ni hezi 246.94. Lakini sikio linapenda uwiano wa namba ndogo. Umbali kati ya G na B, ukiwa safi kabisa, ni uwiano wa 5 kwa 4, na 196 mara 5 gawa kwa 4 ni 245 kamili. Tofauti haifiki hezi 2. Ni kidogo? Ndani ya kila uzi kuna sauti nyingine ndogo za juu, mara mbili, mara tatu, na kuendelea. Ya tano ya uzi wa G ni hezi 980. Ya nne ya uzi wa B ni 980 pia ukiwa kwenye 245. Ukikaza hadi taa yangu iridhike, hiyo ya B inakuwa karibu 988, na zile mbili zinapigana: sauti inatetemeka karibu mara nane kwa sekunde. Huo ndio mchanga. Na 245 ni senti 14 chini ya 246.94. Mzee alikuwa ameufikia uwiano wa 5 kwa 4, akikosa kwa senti moja tu, na hajawahi kuusikia ukitajwa.

Mjuzi ataniambia: sawa, lakini uzi huohuo ukiubana kwa kodi nyingine utakuwa umelegea na utaharibu kwingine. Nilimwuliza mjomba swali hilo kwa simu, kwa maneno mengine. Akasema, “Gitaa langu nyuzi ziko juu. Ukizibana zinapanda.” Na ni kweli. Kwenye gitaa la bei nafuu nyuzi zinakaa mbali na shingo, ukibana uzi unauvuta, na uzi ukivutwa sauti inapanda. Kwa hiyo anaulegeza ukiwa wazi, kidole kinamrudishia pengo anapoubana, na akitaka zaidi anakandamiza zaidi. Sikio lake lilikuwa limepima mbao, nyuzi, wimbo na koo lake kwa pamoja. Programu yangu ilipima kitu kimoja, ikatoa hukumu.

Sasa mnaelewa kwa nini sitaki kusikia hoja ya “ongeza usahihi tu”. Nimeongeza. Usahihi wa kile kile kipimo hausaidii chochote hapa.

Kuna tatizo la pili, nalo ni la muda. Simu inachukua sampuli 44,100 za sauti kwa sekunde. Uzi mnene wa E ni hezi 82.4, maana yake wimbi moja linachukua milisekunde 12. Ili msimbo wangu uitambue nota hiyo bila kubahatisha, unasubiri sampuli 4,096, yaani milisekunde 93. Ongeza muda wa maikrofoni, wa mfumo wa simu na wa skrini, na kwenye simu yangu ya bei nafuu tunakaribia 200. Wimbo wa mapigo 120 kwa dakika, wenye nota nne katika kila pigo, unampa mpigaji milisekunde 125 kwa kila nota. Taa inapowaka, kidole kimeshaondoka kiko kwingine. Kwa hiyo mwanafunzi anafanya nini? Anapunguza mwendo ili asubiri taa. Niliwaona wanafunzi wangu wote wakifanya hivyo, na mimi mwenyewe, tukidhani tunajifunza uangalifu. Tulikuwa tunajifunza kungoja ruhusa.

Na sijataja kwamba msimbo wangu unatambua nota moja tu kwa wakati. Gumba na shahada vikigonga pamoja, unachanganyikiwa. Yule mtoto wa darasa la tano hakuchanganyikiwa.

Basi mjomba alijifunzaje? Kwa redio, na kwa kukaa karibu na wakubwa. Nilimwuliza wimbo mpya alikuwa anaupataje. Alisema unapigwa mara moja, hauwezi kuurudisha nyuma, na hujui utapigwa tena kesho au wiki ijayo. Ukikosa kuusikia umekosa. Kwa hiyo alikuwa anausikia kama mtu anayepewa ujumbe wa kwenda kuusema kijiji cha pili, halafu anatembea nao kichwani siku nzima akichunga ng'ombe, na gitaa analishika jioni. Linganisha na mimi, mwenye kila wimbo wa dunia ndani ya simu: naweza kurudia mara mia, kwa hiyo sisikilizi hata mara moja.

Kuna sahani moja ambayo kila mpenda gitaa wa Afrika Mashariki anapaswa kuipata, “Masanga” ya Jean-Bosco Mwenda, iliyorekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 huko Jadotville, Katanga, mji unaoitwa Likasi siku hizi. Mara ya kwanza niliposikia nilidhani ni magitaa mawili. Ni mtu mmoja, gumba na shahada. Nilitafuta tabu yake, nikaipata, nikaipiga kwa taa ya kijani mwanzo hadi mwisho, na ilisikika kama orodha ya bei za nyanya. Baada ya wiki ile Kakamega nilirudi kwayo bila karatasi, nikaanza kuimba besi. Niko sehemu ya tatu, ni miezi miwili sasa. Tabu ilinipa yote kwa siku nne. Lakini sehemu hizi tatu ni zangu: naweza kuzianza popote na kuzipiga polepole au kwa haraka, na nikikosea najua kabla hujaniambia.

Msidhani haya ni ya vijijini kwetu tu. Mjapani Shinichi Suzuki, aliyeishi kati ya mwaka 1898 na 1998, aliwafundisha watoto fidla kwa njia aliyoifananisha na lugha ya mama. Mtoto anaanza kwa kusikiliza nyimbo atakazopiga, nyumbani, kila siku, na kusoma nota kunakuja baadaye. Hoja yake ni rahisi: hakuna mtoto anayejifunza kuongea kwa kusomewa sarufi. Ukimwambia hivyo mjomba atakuuliza kwani kuna njia gani nyingine.

Najua mtakachosema, nami niwajibu kabla hamjaandika. Mtasema si kila mtu ana mjomba. Kweli kabisa, na hii ndiyo hoja pekee inayoniuma. Mwalimu wa gitaa Nairobi ana gharama, na bila video na programu nisingejua hata kushika gitaa. Mwezi wa kwanza taa ilinisaidia: ilinionyesha nyuzi ni zipi, ilinizuia kukata tamaa. Ilipaswa kuzimika mwezi wa pili. Mwingine atauliza habari ya wasiosikia. Evelyn Glennie, mpiga ngoma wa Scotland, alipoteza sehemu kubwa ya kusikia akiwa mtoto na akawa mmoja wa wapiga ngoma wanaoheshimika zaidi duniani. Anapiga miguu mitupu ili ahisi mtetemo. Amekuwa akieleza kwa miaka kwamba kusikiliza ni kazi ya mwili mzima. Kwangu mimi huo ni ushahidi upande wangu. Yeye anasikiliza kuliko mimi niliyekuwa na masikio mawili mazima na macho kwenye skrini. Na wasoma nota msinirukie, msomaji mzuri wa nota anaisikia karatasi kichwani kabla ya kupiga. Ndilo jambo hilo hilo.

Sasa biashara. Wengine mnajua kulikuwa na shule moja ya muziki jijini, sitaitaja, iliyotaka kuinunua programu hii kwa wanafunzi wake 30. Fedha yake ingenilipia kodi ya nyumba (hii sasa ni kodi yenyewe) karibu mwaka mzima. Sharti lao lilikuwa ripoti: kila mzazi apate mwisho wa wiki idadi ya kijani za mtoto wake. Nilikuwa nimeshaandika nusu ya ripoti hiyo kabla ya Agosti. Niliporudi niliwaandikia kwamba toleo jipya halitakuwa na taa wakati wa kupiga, na nikaeleza sababu kwa kirefu kama nilivyowaeleza ninyi. Jibu lilikuwa la sentensi mbili. Mzazi anayelipa, walisema, anataka kuona kitu. Mwenzangu anayechora skrini za programu anaona nimechanganyikiwa, naye ana haki, maana sehemu yake ya fedha imekwenda na yangu. Tumezozana wiki mbili. Bado tunaongea, ila si kwa furaha.

Toleo jipya linakwenda hivi. Unasikia kipande kifupi mara mbili, na skrini ni nyeusi. Unakiimba au kukinong'ona, simu haihukumu, inasubiri tu. Unakitafuta kwenye gitaa. Ukiridhika, unabonyeza kitufe wewe mwenyewe kusema nimepata au sijapata, na ni hapo tu programu inakuchezea ulichopiga na kile cha asili, kimoja baada ya kingine. Kijani hakuna, ngazi hakuna. Kurekebisha nyuzi nako unapewa uzi mmoja, na mwingine unautafuta kwa kusikiliza mtetemo upungue hadi utulie.

Watu 11 wamelijaribu hadi sasa. Wanne wameacha siku ya kwanza na mmoja amenitukana. Mjomba nilimtumia simu ya zamani ikiwa na toleo hilo, naye malalamiko yake ni kwamba vipande ni vifupi mno, mtu hajaanza kusikiliza vimekwisha. Ana haki, nimeanza kuvirefusha.

Anayetaka kulijaribu aniandikie, linahitaji simu ya Android na gitaa lolote, hata lenye nyuzi tano. Desemba nakwenda Kakamega. Wimbo wa Kukhu naujua sasa, gumba na shahada, na mjomba amesema yule mtoto atashika chupa.